Goti la Mama Mkubwa

Watu wa kwetu Machakos wakiniuliza Ulaya ikoje, huwa nawaeleza habari za dari. Nazijua dari za Vienna, za Geneva na za Milano. Za Vienna zina mapambo ya plasta pembeni, za Geneva ni nyeupe tupu, na ile ya Milano ilikuwa na doa la maji lililonikumbusha nyumba yetu ya zamani. Wakitaka kusikia habari za makumbusho na makanisa makubwa, nakohoa kidogo kisha nawauliza kama mvua imenyesha. Nimefika Ulaya mara nyingi kuliko mbunge wetu, na karibu sikuona kitu. Aliyenipeleka huko ni mwanamke mmoja mzee wa Jeddah, ambaye sisi wafanyakazi wake tulimwita Mama Mkubwa, yeye pamoja na goti lake la kulia.

Mimi nilikuwa dereva wake. Mke wangu, Nduku, alikuwa msaidizi wake wa ndani. Nyumba ilikuwa Rawdah, mtaa wa watu wenye uwezo, na Nduku ndiye aliyetangulia kufika. Alipozoeleka, alimwambia Mama Mkubwa kwamba ana mume anayejua kuendesha gari, na mume huyo akaletewa viza. Siku ya kusafiri nilivaa suti. Nilidhani nakwenda kuishi na mke wangu. Nilipofika nikaonyeshwa chumba kando ya lango, ambamo tayari alikuwamo mtunza bustani, mzee wa Kibangali aliyekuwa akikoroma hata mchana. Nduku alilala juu kabisa, kwenye chumba cha wasichana wa kazi karibu na tangi la maji. Katikati yetu kulikuwa na mlango wa jikoni, na sheria ya Mama Mkubwa ilikuwa fupi: mwanamume havuki mlango ule, awe mume wa nani.

Si kwamba alikuwa mkorofi. Nyumba ilikuwa na wajukuu wa kike wanaoingia na kutoka, majirani walikuwa na macho, na yeye alikuwa mjane mwenye heshima zake. Basi nikawa mume wa mlangoni. Nduku alipotaka kuniagiza mchele, alifungua nusu ya mlango na kuniita dereva, kwa sauti ya kazi. Mimi nilimwita dada, kama ninavyomwita muuza duka. Halafu kila mtu anarudi kwake na tunaanza kuandikiana kwenye simu, watu tuliofunga ndoa kanisani mbele ya wazee. Siku moja nilimsikia akipiga chafya kule juu, nikamwandikia pole.

Shida yetu ilikuwa mtoto. Tulikuwa kwenye ndoa kwa miaka ya kutosha na hatukuwa naye, na umri wa Nduku haukuwa wa kutusubiri. Mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani na kuuliza kwa ule upole wake unaochoma, "Si mko pamoja huko?" Ningemweleza nini mama? Kwamba mke wa mwanawe anakaa nyumba moja naye lakini wanaonana kwenye ufa wa mlango? Nilimjibu kwamba tunaomba Mungu. Ilikuwa kweli, ila kila mmoja aliomba kwenye chumba chake.

Mama Mkubwa alikuwa mfupi, mpana, mwenye fimbo ambayo raba yake ya chini haikuruhusiwa kuchakaa. Kwenye gari alikaa nyuma na kunielekeza kwa fimbo hiyo. Akigonga kiti changu taratibu, nipunguze mwendo. Akigonga kwa nguvu, nimekosea njia. Akigonga mfululizo, ameona duka la tende. Hakupenda kusema kata huku au simama pale, kwa sababu aliamini dereva anayehitaji maneno hajui kazi yake. Kule Vienna alimgongea dereva wa teksi vilevile. Yule bwana alisimamisha gari, akashuka, akazunguka nyuma kuangalia kama kuna kitu kimetugonga. Ilibidi Nduku amweleze kwa Kiingereza kwamba mama anapenda tu kusaidia.

Safari zenyewe zilianza hivi. Siku ya Jumatano, kwa kawaida wakati wa chai ya alasiri, Mama Mkubwa alijisugua goti, akavuta pumzi na kutangaza, "Goti linataka daktari." Jeddah imejaa madaktari, na mwanawe mkubwa, ambaye sisi tulimwita bosi, alikuwa akipiga simu kutoka Riyadh kumkumbusha jambo hilo. Mama alimjibu kwamba madaktari wa Jeddah wanaongea sana. Bosi alinung'unika, kisha akatengeneza karatasi zetu za viza: mama ni mgonjwa, anahitaji msichana wa kumhudumia na mwanamume wa kusukuma kiti cha magurudumu. Viza zikitoka, Alhamisi jioni tunaruka, Ijumaa asubuhi tuko Ulaya, Jumamosi tunarudi. Nilisukuma kile kiti katika viwanja vya ndege vya kila namna, na hata humo alinielekeza kwa fimbo.

Safari ya kwanza nilijiaibisha hata kabla ya kufungua begi. Mama Mkubwa alipokea funguo pale mapokezi, wa kwake akautia mfukoni, na wa pili akampa Nduku. Nikasubiri wa tatu. Haukuja. Nikasogea kwa yule kijana wa mapokezi na kumweleza, kwa Kiingereza changu cha heshima, kwamba kuna makosa, mimi ni dereva na nahitaji mahali pangu pa kulala, hata kama ni karibu na lango. Nduku alinikanyaga mguu. Mama Mkubwa alinitazama kama unavyotazama gari lililozimika katikati ya barabara, kisha akamwambia Nduku kwa Kiarabu maneno ambayo baadaye niliyasikia katika kila hoteli.

"Mimi nimelala. Asinigongee mtu mpaka adhuhuri."

Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, na alikuwa amesimama wima akila tende.

Daktari nilimwona kwa macho yangu, maana mimi ndiye niliyemwingiza mgonjwa mlangoni. Alikuwa mtu wa haki. Kila mara alimwambia kwamba dawa ya goti lile ni kutembea zaidi na kupunguza wali. Mama Mkubwa alisikiliza kwa mkalimani, akatikisa kichwa kwa uzito, na tulipotoka akasema huyu ni daktari mzuri sana, lazima turudi kwake. Mwezi uliofuata alitaka maoni ya daktari wa Geneva, aliyesema yaleyale. Yule wa Milano naye aligusia wali. Baada ya daktari alikaa kwenye benchi la bustani na chupa yake ya kahawa, akatufukuza.

"Nendeni mkaone mji. Mkirudi mapema nitakasirika."

Tulikwenda hadi kona ya kwanza, tukatazamana, tukarudi hotelini kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana nazijua dari.

Asije mtu akafikiri alipenda Ulaya. Aliisema vibaya tangu tunashuka kwenye ndege. Maji yake baridi, mkate wake mgumu, jua lake halina nguvu ya kukausha hata leso. Mkate huohuo hakukubali utupwe. Uliobaki mezani asubuhi aliufunga kwenye kitambaa na kunikabidhi nikawape njiwa. Nikasimama kwenye uwanja mmoja wa Vienna, mwanamume mzima wa Kikamba, nikimwaga makombo, mpaka akaja askari wa jiji kuniambia kuwalisha njiwa hapo ni marufuku. Nilijaribu kumwonyesha mwenye mkate. Mwenye mkate alikuwa amegeuza kichwa na kuangalia sanamu ya farasi kwa makini mno.

Halafu kulikuwa na udi. Kwa Mama Mkubwa, chumba ambacho hakijafukizwa udi hakijawa chumba, kwa hiyo alisafiri na chetezo kidogo cha umeme. Ijumaa moja kule Geneva alifukiza hadi kengele ya moto ikalia hoteli nzima. Lifti zikazimwa, wageni wakamiminika ngazini. Sisi tulifika chini katika hali ambayo singependa mchungaji wetu aisikie: mimi nimejifunga shuka, Nduku amevaa koti la suti yangu, kila mtu mwingine amevaa vizuri kwa sababu ilikuwa mchana. Mama Mkubwa alikuwa ameshatangulia. Goti lake lilikuwa limeteremka ngazi zile haraka kuliko magoti yetu manne. Alitutazama kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani, akageuka polepole, na kuwaambia wazima moto kwa Kiarabu kwamba hoteli yao inanuka unyevu.

Hakuwahi kututania kuhusu siku ile. Hakuwa mtu wa utani, au alikuwa mtu wa utani ambao haukuhitaji wengine wacheke.

Nyumbani Kenya, wakati huo, mimi nilikuwa mtu mkubwa. Nilituma picha: mimi mbele ya chemchemi, mimi na Nduku mbele ya tramu, mimi nimeegemea gari la mtu. Kwenye kikundi cha ukoo wakaanza kuniita Mzungu. Binamu yangu aliyesoma chuo aliniuliza maoni yangu kuhusu michoro ya Milano, nikamwandikia kwamba rangi ni nzuri. Kwenye harusi ya mpwa wangu waliweka picha yangu ya Vienna kwenye kijitabu cha ratiba, chini yake wameandika mjomba wetu wa Ulaya. Mjomba mwenyewe alikuwa Sharafiya, mtaa wa maduka wa Jeddah, siku hiyo, amesimama juani kwenye foleni ya kutuma mchango wa harusi, amevaa ndara.

Kitu kimoja kilinichanganya kuhusu Mama Mkubwa, na ni kwamba Ulaya haikumlainisha hata kidogo. Tulipofika tu kwenye lango la Rawdah, Nduku alikuwa msichana wa kazi tena na mimi dereva. Jumamosi moja, tumetoka Milano, nilijisahau. Nilibeba begi la Nduku nikapita mlango wa jikoni kwa hatua moja tu. Mama Mkubwa aligonga fimbo sakafuni kwa kishindo kilichomwamsha hata Mbangali.

"Dereva. Hapa si Milano."

Nikarudi kinyumenyume. Nilikasirika siku ile, nasema kweli. Nilimwandikia Nduku kwamba mzee wake ni mnafiki, leo anatupa ufunguo, kesho anatufukuza kama paka. Nduku akanijibu kwa alama ya kulala. Yeye alimwelewa mapema kuliko mimi, lakini Nduku hapendi kumweleza mtu kitu ambacho anaweza kukiona mwenyewe, na alikuwa na imani kubwa mno na macho yangu.

Baadaye sana ndipo aliponiambia jambo hili lilikoanzia. Kabla ya safari zote hizo, alikuwa akimkanda Mama Mkubwa miguu kwa mafuta ya habasoda, na mama akamuuliza mbona hana mtoto, au mumewe ana kasoro. Msichana mwingine angesema ni mapenzi ya Mungu na kuendelea kukanda. Nduku si wa hivyo.

"Mama," alimwambia, "mtoto haji kwa simu."

Mama Mkubwa aliuvuta mguu wake, akaufunika, akaomba chai. Jumatano ya wiki ile goti likaanza kuuma. Mimi wakati huo nilikuwa nje naosha gari, na nilipoambiwa habari za goti nilimwonea huruma mzee wa watu.

Tulichukua mwaka na zaidi kwenye dari zile, na tulikuwa tumeanza kuacha kusemezana juu ya jambo lenyewe. Kila mwezi Nduku aliniandikia neno moja tu, bado. Halafu mwezi mmoja hakuniandikia. Alifungua mlango wa jikoni wote, si nusu, akasimama pale ameshika mwiko, na akaniambia kwa Kikamba, mbele ya mtu yeyote aliyekuwa na masikio. Nililia. Mtunza bustani alidhani nimefiwa na akaniletea maji.

Furaha ilifuatwa na hofu. Katika nyumba nyingi za kule, msichana wa kazi akipata mimba ni kesi, hata awe na cheti cha ndoa chenye mihuri. Tuliogopa kumwambia Mama Mkubwa, kana kwamba yeye hakuwepo Geneva. Mwishowe Nduku alimwambia wakati wa kumkanda. Mama akasema, "Halas," yaani basi, akafunika goti, akaagiza chai. Siku ya pili alimpigia bosi simu kuagiza tiketi ya Nduku ya kwenda kujifungulia kwa mama yake. Mimi nilimwendesha Mama Mkubwa hadi Sharafiya kununua nguo za mtoto, na alinigongea kiti mfululizo kwenye kila duka.

Siku ya kumpeleka Nduku uwanja wa ndege alisema anakuja. Nduku alikuwa anafungua mlango wa nyuma ili akae kando yake, kama ilivyo desturi. Mama Mkubwa aliziba nafasi kwa fimbo. Alimwambia akae mbele, na mumewe. Tukapita Jeddah yote hivyo, mchana kweupe, mke wangu kando yangu, na yule mjane mwenye heshima zake nyuma yetu ameangalia dirishani. Hakugonga kiti njia nzima, na nilikosea njia mara kadhaa kwa sababu nilikuwa namtazama Nduku.

Baada ya hapo goti halikutaka daktari tena. Halikuwa limepona. Alitembea vibaya zaidi, na ngazi alizipanda akiwa ameshika ukuta, lakini Jumatano zilipita bila tangazo. Mnajua nilisema nini? Nilimwambia mtunza bustani kwamba wale madaktari wa Ulaya ni hodari.

Binti yetu alizaliwa salama. Nduku alibaki nyumbani kumlea, na mimi nikabaki Jeddah, kwa sababu tulikuwa tumeanza kujenga. Nyumba ya mawe, vyumba vinne, na chumba cha baba na mama kikiwa kikubwa kuliko vyote. Likizo yangu ilipofika niliiuza, yaani nilichukua pesa badala ya kwenda, tukaezeka paa. Iliyofuata nayo niliiuza, tukatia vioo. Nduku alinitumia picha za ujenzi, na mtoto alionekana pembeni, kila picha amekuwa mrefu zaidi kidogo kando ya ukuta. Nilikuwa nikiipanua picha ili nione vizuri vioo.

Katikati ya hayo bosi alimhamishia mama yake Riyadh, nyumbani kwake Naseem, na mimi nikaachwa kulinda nyumba ya Rawdah. Sikumwona kwa muda mrefu. Mwaka huu bosi aliniita nimpelekee mama masanduku yake yaliyobaki. Njia ya Jeddah hadi Riyadh ni ndefu na imenyooka, na niliitumia yote kufanya mazoezi ya hotuba. Kiarabu changu ni cha dereva, kinajua mafuta, matairi na hesabu za taa barabarani, lakini nilikuwa nimemwomba Nduku anifundishe maneno ya shukrani. Nduku alikuwa ameshanieleza goti lile lilikoanzia kuuma, nikawa hatimaye nimeelewa, na nilitaka mzee ajue kwamba nimeelewa.

Naseem waliniambia niingie hadi ndani, anakokaa. Nilisimama mlangoni nikisubiri fimbo. Haikugonga. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amepungua, shuka juu ya magoti, na alinipungia mkono nikae. Nikatoa hotuba yangu. Nilimshukuru kwa Vienna, kwa Geneva, kwa Milano, kwa ufunguo ule mmoja. Nilimwambia kwamba mtoto wetu ni kazi ya mkono wake baada ya Mungu. Nilikuwa karibu kulia kwa uzuri wa Kiarabu changu.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema yeye alikwenda kwa daktari, na vyumba vya kule ni ghali. Aibu yote ya ile siku ya mapokezi ikanirudia usoni.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

Nikatoa simu na kumpigia Nduku. Mtoto akaletwa, ana mabaki ya uji mdomoni, akamtazama Mama Mkubwa na kumcheka bila woga wowote. Mama Mkubwa akamsemesha Kiarabu, mtoto akamjibu Kikamba, na walielewana vizuri sana. Nilipoinamisha uso wangu ili nami nionekane, mtoto alinyamaza na kujificha kwenye bega la mama yake. Nduku akamwambia, huyo ni baba. Hakugeuka. Nikacheka, nikasema ni mtandao, na nikakata simu.

"Amekuona lini?" Mama Mkubwa akauliza.

Nikamwambia, Mama, kila Ijumaa, na Jumapili pia, wao wakitoka kanisani.

"Sikuuliza simu. Amekuona lini?"

Nikaanza kumweleza habari za nyumba. Nilimweleza paa, nikamweleza vioo, nikamwambia imebaki kidogo tu, rangi na geti. Aliniacha niongee mpaka maneno yakaniishia. Alinitazama bila hasira, na nilitamani angekuwa na hasira.

"Mimi na goti hili niliwafikisha Ulaya," akasema. "Wewe mwenye miguu mizima umeshindwa kufika Machakos?"

Nikaubusu mkono wake kama wanavyofanya wanawe, na hakuuvuta. Uani nilimkuta bosi anaangalia masanduku. Nikamwambia nataka kurudi nyumbani. Akaniuliza ni likizo ya muda gani, na nikamwambia si likizo.